Nani Avae Nguo ya Kimulimuli

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu mtoro,

Kama umekufa niambie nianze kulia, na kama hujafa basi huna haya. Jirani yangu ameoa, amegombana, ameachana na ameposa tena, na muda wote huo wewe hujatia mguu hapa. Watu wakiniuliza mjukuu wako yuko wapi, nawaambia yupo ukutani pale kwenye kona, kwenye bango la filamu, amekunja ngumi na kuvaa barakoa niliyomshonea mimi. Hata hilo bango mvua imelibandua sikio moja, lakini ndilo linalonisalimia asubuhi kuliko wewe.

Na usinipigie simu. Kwenye simu unacheka kabla sijasema kitu, na mtu anayecheka mapema ana jambo. Andika kwa mkono wako. Mimi sijakaa darasani hata siku moja, herufi ulinifundisha wewe juu ya meza hii ya kukatia nguo, meno yako ya mbele yameng'oka, unanirushia mate kila tukifika kwenye "s". Kwa hiyo nikikosea mahali, mlaumu mwalimu.

Sasa tulia usome. Juzi dereva wa kampuni ya filamu ameniletea kitambaa cha nguo mpya ya Kimulimuli, kile cheusi kinachong'aa ukikigeuza, pamoja na utepe wa vipimo. Unajua mimi na namba hatusalimiani. Kila mwili ninaoushonea una utepe wake, fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno, mpaka kisigino, na kila utepe una msumari wake ukutani. Kampuni imeshazoea, ikipima mtu inafunga mafundo na kuniletea. Dereva akasema Bosi anasema hivi ndivyo vipimo vya Kimulimuli vya sasa. Kimulimuli si wewe? Nikautoa utepe wako pale dirishani, nikaulaza ubavuni mwa huo mpya. Nikakaa chini.

Mabega yamekwisha. Kifua kimeingia ndani. Miguu imekuwa mifupi. Nyonga tu ndizo zilizonenepa. Nikadhani utepe umerowa njiani ukajikunja, nikaupiga pasi. Haukurefuka. Nimewauliza watu wote wenye akili ninaowajua ni ugonjwa gani unaompunguza mtu urefu na kumwongeza nyonga. Hakuna aliyewahi kuusikia, na mmoja alicheka. Simsalimii tena.

Na ile filamu ya nne nimeiona. Nililipa kiti kama watu wengine, sikutaka cha bure. Mwanamume aliyekaa nyuma yangu alikoroma mpaka mji ulipolipuka mara ya tatu, akaamka akamuuliza mkewe kama sasa wanaweza kwenda nyumbani. Zamani Kimulimuli alikuwa anawaokoa watu wa jengo moja, nikawajua mpaka yule mama wa ghorofa ya juu aliyekuwa anaanika nguo za watoto. Siku hizi anaokoa dunia nzima na simjui hata mmoja aliyemo. Halafu mbona nusu ya filamu umekaa kitako? Shujaa gani anaokoa dunia kwenye kiti?

Unaumwa na unanificha. Kitambaa sijakikata na sitakikata mpaka nijue namshonea mzima au mgonjwa. Bahasha nimeishona kwa uzi mweupe, mshono wa kurudi nyuma, na nampa dereva akuletee. Ukikuta vingine, sema.

Bibi yako

*

Jumamosi, 8 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mzima kabisa, ondoa wasiwasi. Kazi ndizo zimenibana, leo hapa, kesho kule, hata kunywa chai nimekaa ni nadra. Kuhusu kukaa kwenye filamu, mwongozaji ndiye aliyetaka hivyo. Alisema shujaa akikaa anaonekana anafikiri. Nyonga zangu ziko vilevile.

Lakini Bibi, nisikilize. Hakuna mtu aliyenipima. Tangu tumalize filamu ya nne sijasimama mbele ya mtu mwenye utepe. Bosi aliniambia ya tano imesogezwa mbele mpaka ratiba zikae sawa, nami nikarudi nyumbani kusubiri. Sasa wewe unaniambia kitambaa kimeshafika mezani kwako.

Na bahasha yako haikuwa na uzi mweupe. Ilikuja na uzi wa kijivu, mnene, mshono wa mbio wa mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo na mimi nakuuliza, unijibu bila kunipiga chenga. Walikuambia nini hasa? Bosi anakupenda, kila mwaka anakutumia shada la maua kama bibi harusi. Isije ikawa unajua jambo tangu zamani na hii habari ya ugonjwa ni namna yako ya kunipima mimi. Utazame tena huo utepe. Na dereva asijue kwamba nimeuliza, ndiyo maana hii nimeituma kwa posta.

Mjukuu wako mzima

*

Alhamisi, 13 Machi

We mtoto,

Mimi nikupime wewe? Mimi niliyekufuta makamasi kwa upindo wa gauni langu nikulie njama na mtu wa maua? Yale maua huwa nampa mbuzi wa jirani. Siku nikitaka kukutukana nitakutukana usoni, sitatumia utepe.

Hayo yameisha. Sasa habari.

Dereva alikuja kuuliza nimefikia wapi. Nikamkaribisha chai, nikamkalisha kile kiti kinachoyumba, na funguo za gari lake alipoziweka mezani nikaziweka mapajani mwangu nikaendelea kutunga shanga. Sikumtajia jina lako. Nikamuuliza tu uzi wa kijivu anauuza nani siku hizi. Jasho likamtoka kama amebeba gunia. Akasema Bosi alitaka kujua kama bibi ameelewa utepe, kwa hiyo barua ikafunguliwa garini, halafu wakaona haifai kufika wazi, wakampa fundi viatu wa pale kwenye taa za barabarani aishone. Fundi viatu! Barua yangu imeshonwa kama soli. Nilitaka kulia kwa ule mshono kuliko kwa hila yenyewe.

Nikauliza, ameelewa nini sasa huyo bibi? Akatazama funguo. Akasema, "Bibi, wanaanza upya. Hadithi yote tangu mwanzo. Na Kimulimuli mwingine."

Nilimrudishia funguo, na kitafunwa cha njiani nikampa, maana ana watoto na hakupenda alichofanya.

Basi nikauchukua ule utepe tena, safari hii si kwa macho ya bibi wa mgonjwa. Nikaupitisha kwenye kila msumari. Bega halikukubali popote, kifua hakikukubali popote. Lakini mkono na mguu vikakubali mahali pamoja, fundo kwa fundo: kwa yule msichana anayeanguka badala yako. Yule mnayemwita Paka kwa sababu hutua kwa miguu. Nimemshonea nguo sawa na zako tangu filamu ya kwanza, lakini siku zote nilimpima juu ya vile vigodoro mnavyomvalisha mabegani na kifuani ili kwa mbali afanane na wewe. Mwili wake wenyewe sijawahi kuupima. Mkono na mguu ndivyo havivalishwi godoro.

Nguo hii ni ya Paka bila godoro.

Sasa na wewe unijibu. Kwa nini mwenye jina ndiye wa mwisho kujua? Umewafanya nini, au wamekufanya nini? Na barua yako nimeiangalia vizuri. Pale uliposema wewe ni mzima kabisa, mwandiko umelala kama mlevi. Uliponiuliza mimi kama nakuficha kitu, umesimama wima. Nilikuona ukianza kuandika, najua mkono wako ukiwa na hofu.

Mpe dereva majibu mkononi. Amenihakikishia fundi viatu hatayaona.

Bibi yako

*

Jumatatu, 17 Machi

Bibi,

Nimesoma nikasimama, nikasoma tena.

Paka. Katika watu wote.

Niliwahi kumwambia Bosi kwamba watu wamechoka na dunia kuangamia kila mwaka, hawajachoka na mimi. Tatizo ni hadithi, si sura. Akaniambia ninasema kweli, akanipigapiga bega. Kumbe alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa wanataka Kimulimuli aupate mwanga wake upya, katika jengo jipya, mbele ya watu wapya, kana kwamba mimi sikuwahi kuwepo. Watoto waliokuwa wanajifunga mashuka shingoni kwa sababu yangu wataambiwa yule hakuwa yeye.

Ninawaza mambo madogo madogo. Paka alikuwa akija kukaa karibu na kiti changu kila ninapoigiza peke yangu, hata siku ambazo hana kazi. Nilidhani ni urafiki. Alikuwa ananisoma. Aliniuliza ninapumuaje ndani ya barakoa, nikamfundisha. Nikamfundisha, Bibi, kwa mdomo wangu.

Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu kizito. Usishone. Unakumbuka kwenye filamu ya tatu walipeleka barakoa kwa mafundi wengine, ikashuka puani mbele ya wageni waalikwa. Bila mkono wako hawana Kimulimuli. Wakikosa nguo watachelewa, wakichelewa nitapata nafasi ya kusema nao. Waambie macho yameharibika.

Hili ndilo jina nililo nalo, Bibi. Nikilivua sijui nitakuwa nani nikiingia dukani kununua chumvi.

Mjukuu wako

*

Alhamisi, 20 Machi

Mume wangu,

Nimekataa. Lakini macho yangu sikuyasingizia, yanatunga uzi bila miwani na yatanisikia.

Bosi alikuja mwenyewe, na viatu vyake vya kung'aa, akapiga hodi kama mgeni wa heri. Akanivisha kilemba cha ukoka mpaka shingo ikaniuma. Eti mimi ndiye mama wa Kimulimuli, eti hakuna mikono kama yangu. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Umemwambia mjukuu wangu?"

Akasema, "Tunatafuta wakati mzuri, Bibi."

Nikamwambia wakati mzuri ulikuwa kabla hajaleta kitambaa, na mimi simkatii mtu nguo kwa siri kama nashona sanda ya mtu aliye hai. Akasema watu hawaingii tena kwenye majumba ya sinema, viti vinabaki na vumbi, na asipoanza upya basi Kimulimuli atakufa kabisa na wote tutakosa. Hapo hakusema uongo, nilimtazama. Uongo wake upo kwenye kunyamaza.

Na kuna jambo. Akiwa mlangoni aligeuka akaniuliza kama umewahi kunieleza "lile suala." Nikasema umenieleza. Nikangoja. Na yeye akangoja. Tukatazamana kama wacheza karata. Mwishoni akasema vizuri, akaondoka haraka.

Suala gani?

Kitambaa kakiacha. Nimekikalia.

Bibi yako

*

Jumanne, 25 Machi

Mume wangu,

Hujajibu. Nakuandikia tena kabla hujajibu, kwa sababu nina la kukuambia na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Paka amekuja. Peke yake, bila dereva, na shikamoo aliitoa tangu nje. Nilikuwa nimejiandaa kumnyonyoa. Nilikuwa nimeshachagua na maneno.

Amesimama hapo katikati ya chumba, mwembamba, mkono mmoja hauwezi kunyooka mpaka mwisho. Sikuwahi kulijua hilo, macho yangu yalikuwa kwenye vigodoro tu. Akaniambia amekuja kuniomba radhi kwa kazi ya haraka niliyopewa, na kunishukuru kwamba familia imeridhia. Nikamuuliza familia ipi. Akasema Bosi alimwambia umekubali mwenyewe, tena wewe ndiye uliyelitaja jina lake. Alikuwa amekuletea na zawadi, saa ya mkononi, anaogopa kukupelekea kwa sababu hupokei simu zake.

Nikamwambia ukweli. Alikaa kwenye sakafu. Si kwenye kiti, kwenye sakafu, juu ya vipande vya nguo. Akasema basi yeye haitaki nafasi hiyo. Mimi nimeona waigizaji wengi wakilia, chozi linakuja kwanza na pua inafuata wakikumbuka. Yeye pua ilitangulia. Nikajua halii ili mimi nimwone.

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakaa karibu na kiti chako. Akashangaa swali. Akasema, "Nikishaanguka huwa nasikia baridi, Bibi. Yeye alikuwa ananifunika joho lake."

Hukuniandikia hilo. Labda ulilisahau.

Sasa nakuja kwenye jambo gumu. Nilimwinua, nikamwambia apande juu ya meza ya kukatia nimpime mwenyewe, kwa ajili ya kujua tu, maana utepe wa watu wengine siuamini tena. Akapanda. Akasimama ukingoni, kisigino nje ya meza, kama wanavyofanya waliozoea. Na mimi, niliyemwona akiruka kutoka mapaa kwa miaka yote hii nikimhesabu kama wewe, moyo ulinipaa kwa sababu ya meza. Nikamshika kifundo cha mguu. Nikamwambia rudi ndani kidogo, mama, utaanguka.

Hapo ndipo nilipoelewa yule mtu aliyekoroma nyuma yangu. Wewe hakuna anayeogopa tena kwamba utaumia. Umelipuliwa, umezama, umepigwa na radi, na tunajua utatoka na nywele zimechanwa. Bosi ni mjanja na mwongo, lakini hili la kuanza upya hajakosea. Waanze upya. Waturudishie jengo moja na mama wa nguo za watoto. Na atakayesimama juu ya lile paa awe ni mtu ambaye nitataka kumshika mguu.

Nitamshonea. Nimemtumia Bosi ujumbe: mwili nitashona, lakini barakoa sitaigusa mpaka yeye na Paka waje mlangoni kwako wakuambie kwa midomo yao. Kisha uwajibu unavyotaka. Hata ukiwafukuza kwa ufagio, nitakuunga mkono kwenye ufagio. Kwenye nguo, hapana.

Na jambo la mwisho. Akiwa anavaa viatu aliniuliza, "Amepona?" Halafu akauma mdomo. Nimembana, nimembembeleza, nimemtishia pini. Hakusema. Akasema si lake kulisema.

Bosi ana suala, Paka ana kupona. Mimi peke yangu ndiye sina kitu.

Bibi yako

*

Ijumaa, 28 Machi

Bibi,

Nilidhani watanisaliti wote lakini si wewe. Nilikuomba jambo moja tu. Umempima yeye, umemwita mama, umemshika mguu asianguke. Mimi nani alinishika?

Shona unavyotaka. Usiniandikie.

*

Jumanne, 1 Aprili

Mume wangu,

Nimeipata. Hukusaini. Umeandika maneno machungu lakini kila herufi imesimama wima, hakuna hata moja iliyolala, kwa hiyo nimeipokea kwa mikono miwili.

Sasa nakuuliza na sitaacha kuuliza. Nani alipaswa kukushika, na ulianguka wapi?

Bibi yako

*

Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo Bibi,

Walikuja. Bosi alitoka jasho kwenye kochi langu. Paka alisimama muda wote. Nitakueleza, lakini swali lako kwanza.

Ilikuwa kwenye filamu ya nne, siku ya kuruka ukuta wa ghala. Watu wa kamera walikuwa wakimpigia Paka makofi kila akiruka, na mimi nikifika wananipisha tu kiti. Nilimwona Bosi anamtazama yeye kwa namna aliyokuwa akinitazama mimi zamani. Nikashuku. Asubuhi ile nikamwambia Paka leo pumzika, nitaruka mwenyewe. Alikataa, tukabishana, nikatumia ukubwa. Niliruka. Mkono ulifika kwenye ukingo, vidole havikushika.

Ni mgongo na nyonga ya kushoto. Ulipouandika ule ugonjwa wa nyonga nilicheka nikalia, kwa sababu ulikuwa umekosea kila kitu na ulikuwa umepatia. Kampuni ilisema nisimwambie mtu mpaka filamu itoke, mashabiki wasiingiwe na wasiwasi. Ndiyo maana nimekaa nusu ya filamu. Hakuna anayefikiri pale, Bibi, ni mtu asiyeweza kusimama. Natembea na fimbo. Daktari anasema fimbo itabaki.

Nisingeweza kukuambia. Ulinishonea ile nguo ukisema mabega haya yamezaliwa kwa kitambaa hiki.

Na nilikuja. Mwezi wa kwanza nilikuja mpaka hapo kwako, nikafika kwenye ngazi, nikajaribu. Ghorofa ya kwanza nilipanda. Nilipofika kwenye kona nilisikia cherehani chako, kinakwenda, kinanyamaza, kinakwenda. Miguu ikakataa. Nilikaa pale kwenye ngazi mpaka ukazima mashine, halafu nikashuka kwa makalio kama mtoto.

Kuhusu wao. Paka alisema kama sitaki, haendi, na aliniwekea saa mezani kana kwamba ananirudishia kitu. Nilitaka kumwambia haya, usiende. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini Bosi alikuja na kipande cha majaribio, nikamwambia aweke tuone. Paka yuko juu ya paa, hana barakoa, amevaa fulana yake tu. Hafanyi chochote. Anatazama chini. Bibi, nilijikuta nimeshika mkono wa kochi.

Iliniuma kuliko mgongo. Lakini ni kweli.

Nimewaambia waanze upya. Bosi alitaka niseme magazetini kwamba nimeondoka kwa hiari nikapumzike. Nimekataa. Nitasema nilianguka, na kwa nini niliruka, na kwamba aliyekuwa akiruka tangu mwanzo alikuwa yeye. Kama hapendi, asinitume.

Nisamehe kwa ile barua nyingine. Sijui nitafanya nini kesho.

Mjukuu wako

*

Jumamosi, 12 Aprili

Mume wangu,

Nimesoma mara moja, nimeikunja. Siisomi tena, naijua.

Nina hasira na wewe kwa mambo mengi na nitayamaliza moja moja ukiwa mbele yangu, kwa hiyo usidhani yamepita. Kubwa kuliko yote si kuruka. Wanaume wa ukoo wetu wote ni vichwa maji, babu yako alivunjika mguu akishindana na mtu kupanda lori lililosimama. Kubwa ni kwamba ulikaa kwenye ngazi zangu ukiwa na maumivu, na mimi nipo juu nashona zipu ya mtu. Ungeita. Ungegonga ukuta kwa hiyo fimbo. Ningeshuka na sindano mdomoni.

Mabega sikusema yamezaliwa kwa kitambaa. Nilisema kitambaa kimepata bahati. Ulikuwa unasikia unachotaka tangu utotoni.

Ukiingia dukani kununua chumvi utakuwa mtu anayenunua chumvi, na mwenye duka atakuuliza habari za bibi yako. Anza na hapo. Mengine tutayatafuta.

Paka anakuja kesho kutwa kujaribu nguo. Ile barakoa nimeianza, lakini hajui kugeuza kichwa akiwa ameivaa, anageuka mwili mzima kama kabati. Mimi siwezi kumwonyesha. Wewe unaweza, na unaweza ukiwa umekaa. Hutaki, usitake, lakini uje.

Uje asubuhi hiyo, kabla jua halijawa kali. Uje na hiyo fimbo, usiifiche garini. Usipande ngazi, hata moja. Mwenye duka la chini ameshanipa ruhusa, nitatoa viti mlangoni pake na nguo nitaishusha. Wewe ukifika simama hapo barabarani uniite, kwa sauti yako, si ile ya kwenye filamu. Kisha usiondoke. Magoti yangu nayo yana mambo yake, nitachelewa kidogo. Utasikia hatua moja, kimya, hatua moja. Ningoje.

Bibi yako